Kiti Hurudishwa kwa Mkono

8 Januari

Mkia wangu,

Marahaba. Najua utasahau kuandika shikamoo kwa haraka zako, basi nimekuitikia mapema.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unasema, "Niko poa dada, tanuri linaita," halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kuninunia.

Sisi hatujambo. Mimi bado niko dukani, nauza misumari, kufuli na rangi. Baba naye hajambo, ila goti. Nimemkataza kupanda ngazi kupaka nyumba za watu, ananijibu kwamba dari hazishuki zenyewe. Jana nimeificha ngazi kwa jirani. Amejua, lakini ananyamaza ili nione haya.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya mwisho ya Februari ni siku ya mkutano wa chama chetu cha mtaa bustanini. Unaikumbuka kanuni ya Mkono kwa Mkono, au huko uliko wameifuta kichwani mwako? Kila mtu anakuja na kiti cha nyumbani kwake. Tunafagia bustani, tunakarabati mabembea, tunakula, na jioni majina yanatiwa kwenye kofia ya Baba. Unachomoa jina moja, unakwenda nyumbani na kiti cha mwenye jina hilo, na lazima ukirudishe kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kiangazi kingine. Kutuma mtu hakuruhusiwi. Ukikifikisha unakaribishwa, mnakaa, mnaongea. Mama, Mungu amrehemu, ndiye aliyeianzisha. Alikuwa akisema mtu akikuahidi kuja kukutembelea usimwamini, mpe kiti chako.

Wewe ulipata jina la Baba. Siku ile ile uliyomwambia mbele ya chama kizima kwamba hutashika brashi yake, unakwenda kuoka mikate. Naye akasema, "Nenda basi." Ukaenda, na kiti chake begani. Hiki ni kiangazi cha nne na kiti hakijarudi.

Tangu hapo Baba anakuja mkutanoni na ndoo. Ile ndoo yake ya rangi. Anaipindua, anaikalia. Mwaka jana alishindwa kuinuka. Kinyozi akamshika kwapa hili, Nesi kwapa lile, watu wakacheka na yeye akacheka, lakini mimi nilimwona usoni.

Na kuna jingine. Nesi ndiye mwenyekiti wetu siku hizi, na anataka kuanzia mwakani tukodi viti vya plastiki. Watu wamezeeka, kubeba kumewashinda. Kwa hiyo huu ni mkutano wa mwisho wa viti vya nyumbani. Usipokirudisha safari hii, hakutakuwa na siku nyingine ya kukirudisha.

Njoo, Mkia. Ulipokuwa mdogo ulinifuata mpaka chooni, nikakufungia mlango ukakaa nje unaimba. Sasa mimi ndiye ninayekufuata.

Dada yako


20 Januari

Shikamoo dada,

Umeona? Sikusahau.

Mimi mzima. Unga umeniingia mpaka kwenye kope, lakini kazi naipenda, na wenzangu ni watu wa maana. Nimehamia chumba kingine, juu ya duka la fundi viatu. Kina dirisha zuri. Kuta zake tu ndizo za kusikitisha, zina rangi ya uji uliomwagika juzi. Baba angeziona angelala nje.

Kiti chake kipo, kizima kabisa. Matone yote ya rangi yapo pia. Lile la bluu la zahanati, yale ya kijani ya milango ya shule, na lile la njano kwenye mkono wa kulia wa kiti, la jikoni kwetu, Mama alipotaka jiko liwe na rangi ya kiini cha yai. Huwa nayaangalia wakati nakunywa chai. Nyumba zote alizopaka Baba ziko pale.

Lakini kuhusu ndoo usinidanganye, dada. Baba hakai kwenye ndoo kwa sababu hana kiti. Wewe unauza viti vya kukunja hapo dukani. Anakaa kwenye ndoo ili watu waulize. Mzee mzima, fundi wa mtaa mzima, yuko chini karibu na nyasi kwa sababu mwanawe aliondoka na kiti chake. Ile si ndoo, ile ni hotuba. Na kila mwaka anaihutubia bustani nzima bila kufungua mdomo.

Nikija leo, kila mtu pale atanitazama kama mwizi aliyerudisha mali baada ya kuhubiriwa. Siji. Tena Februari ni vigumu kupata ruhusa.

Mnunulie kiti, yaishe. Salamu zangu umpe, au usimpe, utakavyoona.

Mkia


29 Januari

Mkia,

Nilikununia siku mbili. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi niliwaza hivyo hivyo, ila sikuwahi kumuuliza.

Basi nilifanya ulivyosema. Nilichukua kiti cha kukunja dukani, kizuri, chenye kitambaa, nikakiweka sebuleni. Baba alikuwa anasafisha brashi zake. Akakitazama kama anatazama mgeni asiyebisha hodi.

"Hiki cha nani?"

"Chako. Cha kwenda nacho bustanini."

"Kirudishe dukani."

Nikapandisha hasira, Mkia. Nikamwambia, "Baba, mpaka lini? Mpaka lini utawaonyesha watu kosa la mwanao?"

Akaweka brashi chini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Nani anamwonyesha nani? Kanuni unaijua. Kiti kikiwa nje, kuna mtu wa kukileta. Mimi nikienda pale na kiti kingine, watu watasema mzee ameshaacha kumngoja mwanawe. Na habari hiyo itamfikia. Atasema, basi, nimeshafungiwa mlango." Akachukua brashi yake tena. "Niache na ndoo yangu. Si mbaya. Ni chini kidogo tu."

Kisha, huku anapangusa brashi ambayo ilishatakata zamani, akaniuliza kama tanuri lenu lina joto sana, na kama mnapewa glavu.

Nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi. Nililia nazo pale kwenye kamba kama mtoto.

Hakuna hotuba. Anakungoja tu. Miaka yote hii wewe unadhani anakusema, kumbe anakushikia nafasi.

Dada yako


8 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma kazini, nimeegemea magunia ya unga. Wenzangu walidhani ni joto la tanuri limeniingia machoni. Niliwaacha wadhani hivyo.

Nina jambo la kukuambia. Nilikuandikia kwamba kiti ni kizima. Ni uongo. Kilivunjika mwaka ule ule wa kwanza. Balbu iliungua, nikapanda juu ya kiti, mguu wa nyuma ukapasuka na mimi na balbu tukashuka pamoja. Tangu hapo kiko chini ya kitanda, vipande vipande, nimekifunga kwenye shuka. Chai nainywa nimekaa kitandani, na nikitaka kuyaona matone nafungua shuka.

Ndiyo maana sikuja kiangazi kile, wala kilichofuata. Ningemrudishiaje Baba kuni? Na kadiri nilivyochelewa, ndivyo nilivyomkasirikia zaidi. Ni rahisi kumkasirikia mtu kuliko kumwonea haya.

Lakini sasa nimekipeleka kwa seremala wa ng'ambo ya barabara. Ni mzee mpole, alikipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ni cha baba yangu, tafadhali kifanye kiwe kizuri." Amesema wiki ijayo kitakuwa tayari.

Na ruhusa nimepata! Ya Jumamosi tu. Jioni lazima nipande basi la kurudi, maana Jumapili alfajiri niko zamu. Ila mchana wote nitakuwa nanyi.

Usimwambie Baba. Nataka nimwone uso wake.

Mkia wako


15 Februari

Dada,

Sikungoja jibu lako. Siji tena.

Nilikwenda kukichukua kiti leo. Seremala alikuwa amekifunika kwa kitambaa, akakifunua kama anafunua bibi harusi. Mguu ameuunga vizuri, huoni hata alama. Lakini nilimwambia akifanye kiwe kizuri, na yeye akakifanya. Amekikwangua chote, amekipiga msasa, amekipaka vanishi. Kinang'aa. Unaweza kujitazama ukachana nywele.

Hakuna tone hata moja. Zahanati hakuna, shule hakuna. Mkono wa kulia, pale palipokuwa na jiko la Mama, ni mbao tupu.

Alisimama pale anangoja nimsifu. Nilimsifu, dada. Ningefanya nini? Alisema, "Nimetoa uchafu wote, baba yako atafurahi," na uso wake ulikuwa na furaha kuliko wangu. Kosa ni langu, nilipaswa kumwambia kwamba ule haukuwa uchafu.

Mkono mtupu haulambwi, na wangu ni mbaya kuliko mtupu. Kiti kilichovunjika Baba angeweza kukisamehe, kingekuwa bado ni chake. Hiki hatakijua. Nimemfutia maisha yake yote ya kazi, halafu nimpelekee na tabasamu?

Afadhali uliweka siri. Hajui kama nilitaka kuja, kwa hiyo hatanikosa.

Mkia


19 Februari

Mkia,

Barua hii nimempa kondakta wa basi mkononi ili ikufikie haraka, na nimemwahidi kumpunguzia bei ya kufuli.

Siri gani? Nilishamwambia. Wewe unanijua tangu utotoni, uliniona wapi nikifunga mdomo? Barua yako ya furaha ilifika mchana, jioni alikuwa ameshajua. Amekwenda kwa Kinyozi kunyolewa. Amenyoosha shati lake mwenyewe na kuliunguza kola. Ndoo ameiosha mpaka imekuwa nyeupe. Nilimuuliza, "Unaiosha ya nini, na kiti kinakuja?" Akasema, "Hata yenyewe imechoka, inastahili kuoga."

Habari ya matone sijamwambia. Hilo ni lako, umwambie kwa mdomo wako.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiti kimepoteza matone, basi wewe usipotee. Sitaki kumwona tena akiinuliwa kwenye ndoo na watu wawili wakati ana mtoto wa kiume mwenye mabega.

Sikubembelezi. Nakuambia kama dada yako mkubwa: Jumamosi.

Dada


2 Machi

Shikamoo dada,

Nilifika salama, na zamu niliiwahi. Mikate ya Jumapili ilitoka myeusi kidogo. Nilisema ni kuni, ingawa tanuri letu ni la umeme.

Ulikuwa kwenye meza unakata matikiti, na nilikuona unatazama huku kila mara mpaka nikaogopa utakata kidole. Najua hukusikia kitu, basi nikuambie.

Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu na bomba. Nilikuwa nimekifunga kiti kwa magunia ya unga. Nikasema, "Shikamoo Baba." Akasema, "Marahaba. Umekonda, na unaishi ndani ya mikate?" Nikaweka kiti mbele yake. Nilitaka kuanza kueleza lakini alishaanza kufungua kamba.

Alipokiona aliiacha kamba. Akainuka, nikamshika kiwiko, akakizunguka. Akapitisha kiganja juu yake kama anavyopapasa ukuta kabla ya kuupaka. Akauliza, "Nani huyu?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Balbu, shuka, kitanda, seremala, neno "kizuri". Nikamwambia, "Baba, nimekufutia matone yako. Nisamehe."

Aliinama juu ya kiti. Kisha akaweka dole gumba kwenye mkono wa kulia, mahali penyewe hasa. "La jikoni lilikuwa hapa," akasema. "Mama yako alikuwa anacheka, nikageuka kumtazama, brashi ikadondosha." Mimi sikuwahi kujua hilo. Nililitazama tone lile miaka yote na sikujua kwamba Mama alikuwa anacheka.

Halafu akakaa kwenye kiti. Akajaribu mguu ulioungwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema, "Kilikuwa kimejaa. Sasa kina nafasi."

Basi. Ndivyo alivyosema, na akaniuliza kuhusu glavu.

Jioni basi lilipokaribia nilimuaga. Alinishika mkono, hakuuachia upesi. Akasema, "Nenda basi." Maneno ni yale yale ya siku ile, dada. Nimeyafikiria njia nzima. Huenda hata siku ile alikuwa ameyasema hivi hivi, mimi ndiye niliyekuwa nimeshageuza mgongo.

Ila sasa nina huzuni ya kijinga. Nilizoea kuwa na kitu cha Baba humu ndani, hata kikiwa chini ya kitanda. Nimekirudisha, na ni vizuri, lakini naona kama sina tena kinachonidai nirudi.

Mkia


9 Machi

Mkia wangu,

Marahaba, na futa machozi, kwa sababu uliondoka kabla ya kura.

Nesi alianza kukusanya majina ya wenye viti. Baba akasema, "Jina la mwanangu liingie."

Nesi akamjibu kwa upole, "Mzee, hana kiti. Amerudisha cha watu, amekwenda zake."

Baba akainua ndoo juu, watu wote waione. "Kiti chake hiki hapa. Kanuni inasema mtu aje na cha kukalia. Mimi nimeikalia hii kwa ajili yake miaka yote. Kama si yake, ni ya nani?"

Kinyozi alicheka mpaka akashika mti. Mabishano yakawa marefu, ukajua ni chama kweli, lakini mwisho Nesi mwenyewe aliandika jina lako na kumpa Baba alitie kofiani. Watu wakachomoa mmoja mmoja. Kiti cha Baba kikaenda kwa Kinyozi. Baba, kwa kuwa ndiye mwenye kofia, alichomoa mwisho. Akafungua kiganja: jina lako.

Sasa mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake, na nakuapia, mkono wake uliingia kofiani ukiwa umefumbwa na ukatoka ukiwa umefumbwa. Nimekaa nikakumbuka na siku ile uliyoondoka. Wewe hukutia mkono kofiani, Mkia. Ulikuwa umesusa, umefunga mikono kifuani. Baba alikuja akakuwekea kikaratasi kiganjani, akasema, "Chukua hiki."

Alikichagua. Alikuwa ametoka kukuambia nenda, na papo hapo akakupa kitu cha kukulazimisha urudi. Chama kizima kilikuwa kinatazama na hakuna aliyeona, mimi nikiwa wa kwanza.

Habari ya viti vya plastiki imewekwa kando. Nesi amesema tubebe tu mpaka migongo yenyewe ikatae.

Ndoo iko sebuleni. Hairuhusiwi kutiwa maji, ufagio, wala kitu chochote. Kila jioni anaitazama, kisha anaitazama ramani ya mabasi aliyoomba kwa kondakta. Usimuulize. Ngoja.

Dada yako


14 Machi

Mwanangu,

Barua si kazi yangu. Nitaandika kama ninavyowaandikia wenye nyumba.

Ndoo yako ninayo. Imeoshwa. Kanuni unaijua, hurudishwa kwa mkono.

Dada yako ameniambia chumba chako kina rangi ya uji. Hatuwezi kuacha hivyo. Toa vitu karibu na kuta, ziba matundu ya misumari, usinunue brashi. Brashi nitakuja nazo ndani ya ndoo.

Rangi nimeshachagua, ni ile ya jikoni. Dada yako ameipata dukani baada ya kuchanganya mara tatu.

Kinyozi alikileta kiti siku ya pili yake, anasema kinamuumiza macho. Nitakuja nacho pia. Ngazi dada yako ameificha, kwa hiyo juu utapanda wewe kwenye kiti na mimi nitakishika. Safari hii kitakuwa na mtu wa kukishika. Rangi ikidondoka, iache idondoke.

Huko sijawahi kufika. Niambie nishukie wapi.

Baba yako